Matumizi ya Kamera Ndogo ya Video Katika Kutayarisha Somo: Mfano wa Kahawa ya Uru

Mada ya mazao ya biashara inapofundishwa mwezi wa Machi, mwalimu wa Uru hujikuta katika hali ya ajabu kidogo. Shule imezungukwa na mibuni, na watoto wote wamekulia chini ya migomba inayoipa mibuni hiyo kivuli. Lakini hakuna tunda jekundu hata moja la kuwaonyesha. Kahawa ya miteremko ya Kilimanjaro huchumwa zaidi katika nusu ya pili ya mwaka. Mwezi wa Machi mashine ya mkono ya kumenyea imefunikwa gunia, vichanja vya kukaushia vimeegemezwa ukutani, na mwalimu hana budi kuchora ubaoni kitu kinachofanana zaidi na cherehani kuliko mashine ya kahawa. Tumekagua masomo ya namna hiyo mara nyingi wakati wa mazoezi ya kufundisha. Watoto huunakili mchoro kwa utii, ingawa nusu yao waliizungusha mashine yenyewe kwa mikono yao miezi michache iliyopita.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi kamera ndogo ya video inavyoweza kumsaidia mwalimu mwenye shida hiyo. Tunazungumzia hasa aina inayohifadhi picha katika diski ngumu iliyomo ndani ya kamera, kwa sababu ndiyo iliyomo katika kabati la vifaa la chuo chetu, na kwa sababu kamera za namna hiyo bado hupatikana katika baadhi ya nyumba, zilizoletwa na ndugu walio mjini au ng'ambo kwa ajili ya harusi na kipaimara. Mwanachuo anayetumia simu asifunge jarida hapa. Ukiacha yale yahusuyo diski, mengine yote yanamhusu yeye pia.

Kifaa chenyewe

Kamera za nyumbani za miaka ya 1980 na 1990 zilitumia kanda. Kaseti ndogo ya dijitali ya baadaye ilichukua kwa kawaida dakika 60, na aliyetaka kutafuta kipande fulani alilazimika kuirudisha nyuma na kuipeleka mbele hadi akione. Mwaka 2004 kampuni ya JVC ya Japani ilitoa kamera za kwanza za jamii ya Everio zilizotumia diski, na mwaka uliofuata ikatoa nyingine zenye diski za gigabaiti 20 na 30 zilizojengewa humo humo. Kampuni nyingine zikafuata. Diski ya gigabaiti 30 huweza kuhifadhi takribani saa 7 za picha za kiwango cha juu, na zaidi ya hapo kiwango kikipunguzwa. Kila unapobonyeza kitufe cha kurekodi kipande kipya huanza, na vipande vyote huonekana kwenye kioo kama picha ndogo ndogo unazoweza kuchagua upendavyo. Baadaye kadi za kumbukumbu zilishuka bei na kuongezeka uwezo, zikachukua nafasi ya diski.

Yafaa mwanachuo aelewe diski inavyofanya kazi, maana tahadhari zote hutokana na hapo. Ndani ya kamera mna sahani nyembamba inayozunguka mara elfu kadhaa kwa dakika. Juu yake huelea kichwa kinachosoma na kuandika, bila kuigusa sahani, kikibebwa na tabaka jembamba mno la hewa ambalo mzunguko wenyewe hulitengeneza. Kamera ikianguka wakati inafanya kazi, kichwa kinaweza kuikwaruza sahani na kuharibu yaliyoandikwa. Kamera nyingi za aina hii zina kihisi kinachotambua kuanguka na kukiondoa kichwa mahali pa hatari, lakini hakuna aliyezoea vijia vya Uru wakati wa masika atakayemwachia kihisi kazi hiyo peke yake. Zima kamera kabla ya kushuka bondeni, na usiiache ikifanya kazi ukiwa juu ya pikipiki.

Kwa kuwa kichwa huelea juu ya hewa, hewa nyepesi haikifai. Watengenezaji huonya kamera isiwashwe mahali palipo juu mno; wengine wametaja kikomo cha mita 3,000, wengine mita 5,000. Vijiji vya Uru viko chini kabisa ya vimo hivyo, kwa hiyo nyumbani hapana tatizo. Lakini kundi linalopanda mlima kwa njia ya Marangu likumbuke kuwa kituo cha Mandara kiko kwenye mita 2,720 hivi, na kile cha Horombo kwenye mita 3,720. Kamera iliyofanya kazi vizuri Mandara inaweza kugoma Horombo bila ya kuwa na ubovu wowote. Tunapenda kuutumia mfano huu tukifundisha mgandamizo wa hewa, kwani wanachuo huukumbuka kuliko ule wa chupa na puto.

Jambo jingine ni baridi. Asubuhi za Juni na Julai huku juu huwa na ukungu. Kamera iliyotoka nje kwenye baridi na kuingizwa jikoni penye moto hupata unyevu ndani yake, mfano wa miwani inavyoingia ukungu. Ifunge katika mfuko wa nailoni kabla ya kuingia, uiache ipate joto taratibu kama saa moja hivi, ndipo uiwashe.

Saa saba za diski na dakika mbili za somo

Hapa ndipo kosa kubwa la wanachuo lilipo. Mwenye kaseti ya dakika 60 alikuwa bahili. Aliwaza kabla ya kubonyeza. Mwenye diski ya saa 7 hubonyeza akiwa bado langoni, akaendelea kurekodi mbuzi, watoto, mlango, mawingu, na hatimaye kahawa. Jioni anazo saa tatu za picha na hana hata dakika moja ya somo.

Tuanze basi na darasa, kisha turudi nyuma kwenye kihamba. Tuseme darasa lina watoto 48 na kipindi ni cha dakika 40. Shule haina televisheni wala kifaa cha kumulika picha ukutani. Kioo cha kamera kina upana wa inchi 2.7 au pungufu, nacho hutazamika vizuri na watoto wanne tu kwa wakati mmoja. Makundi ni 12. Kipande cha dakika 3 kitakula dakika 36, kabla hatujahesabu muda wa makundi kupishana. Kipande cha dakika 2 kitachukua dakika 24, na kubaki dakika 16 za kufungua somo, kupishana na kuhitimisha. Kwa hesabu hiyo ya Darasa la Pili tumekwisha kujua urefu wa picha tunazozitafuta: dakika mbili, zisizidi. Penye televisheni hesabu hubadilika, lakini hata hapo hatujaona bado somo lililoharibika kwa sababu picha zilikuwa fupi.

Baada ya urefu hufuata swali. Picha zitajibu swali gani ambalo ubao na maneno ya mwalimu haviwezi kulijibu? Mwanachuo anayeandika katika andalio lake kwamba "wanafunzi wataona kilimo cha kahawa" bado hajauliza lolote. Mibuni wanaiona kila siku njiani. Katika somo tunaloeleza hapa tuliandika shabaha hii: mwanafunzi aeleze mkulima anajuaje kwamba kahawa iliyovundikwa iko tayari kuoshwa.

Kurekodi kazi ya kahawa nyumbani

Msomaji asiyetoka sehemu za kahawa huenda akahitaji maelezo kidogo. Matunda mekundu huchumwa na kumenywa siku ile ile kwa mashine ya mkono na maji. Punje zinazotoka zimefunikwa na ute unaoteleza. Huwekwa katika chombo na kuvundikwa, na katika baridi ya huku juu hukaa siku mbili, hata tatu. Wakati huo ute hulegea. Kisha punje huoshwa kwa maji safi na kuanikwa kwenye vichanja, zikigeuzwa geuzwa hadi zikauke, ndipo zipelekwe chama cha msingi. Kahawa iliyooshwa mapema hubaki na ute. Iliyocheleweshwa huchacha na kutoa harufu, na bei yake hushuka. Kwa hiyo swali la utayari lina maana kwa karo ya watoto, ndiyo sababu tukalichagua.

Tulikwenda kwa bibi mmoja katika Uru Mashariki, pamoja na wanachuo wanne. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kunywa alichotupa, mwanachuo wetu aliyeshika kamera alisimama mbele yake, akausogeza uso wake karibu kwa kitufe cha kuvuta picha, akaanza kumwuliza maswali. Bibi alimvumilia kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, kahawa haiko usoni kwangu. Iko huku chini." Hatukuhitaji kumsahihisha mwanachuo tena siku ile.

Kweli yote ya somo ilikuwa mikononi mwa bibi. Alichota punje kwa kiganja, akazisugua karibu na sikio lake. Zikiteleza kimya, bado. Zikikwaruzana kwa sauti kama changarawe ndogo, tayari. Hakuna mchoro wala aya ya kitabu inayoweza kumpa mtoto sauti ile. Kamera inaweza, mradi tumekaa karibu na tumenyamaza. Ilitubidi tuombe redio izimwe, tukangoja upepo utulie katika majani ya migomba, ambayo husikika katika picha kama mvua kubwa. Kipaza sauti cha kamera husikia vizuri kilicho karibu. Kwa hiyo songeza kamera yenyewe mita moja au chini ya hapo, usitegemee kuvuta picha kutoka mbali, maana ukivuta picha sauti inabaki kule kule mbali ilikokuwa.

Tuliweka kamera juu ya kigoda kilichopandishwa kwenye debe, kwa kuwa hatukuwa na miguu mitatu ya kusimamishia. Mkono wa mtu hutetemeka, na mtoto akitazama picha inayotetemeka katika kioo kidogo huacha kutazama jambo akatazama mtetemeko. Tulichukua kwanza mahali pote, yaani chombo, maji na kichanja. Kisha bibi akifanya kazi. Kisha mikono yake tu. Kila sura tuliishikilia kwa sekunde kumi bila kusogeza kamera. Sekunde kumi huonekana nyingi sana kwa mwenye kushika, lakini kwa mtazamaji ndizo za kutosha.

Mwanga chini ya migomba ni tatizo la peke yake. Jua hupenya kwa mabaka, na kamera, ambayo hujirekebisha yenyewe, huona baka jeupe na kuutia giza uso au mkono ulio kivulini. Tulimwomba bibi asogee hatua mbili, chombo chote kikawa kivulini, na matatizo yakaisha. Ndani ya jiko mpiga picha aupe mlango mgongo. Akielekea mlangoni, atapata umbo jeusi mbele ya mwanga.

Kuvundika kwenyewe huchukua siku, na hakuna darasa litakalongoja siku tatu. Mwanachuo aliyekuwa akilala jirani alirudi kila asubuhi, akaweka kamera juu ya kigoda kile kile, mahali pale pale alipopatia alama ya chaki, akarekodi sekunde 15 za chombo na mkono wa bibi ukisugua punje. Asubuhi tatu, sekunde 45. Vipande hivyo vikifuatana, mtoto husikia mabadiliko: kimya, kimya kidogo, kisha mkwaruzo. Hatukuongeza neno letu. Bibi alizungumza Kichaga cha Uru, nasi tuliyaacha maneno yake kama yalivyo, tukawapa watoto kazi ya kuyafasiri kwa Kiswahili. Waliokuwa kimya tangu mwanzo wa muhula walishindana kujibu.

Ruhusa ya mwenye nyumba

Kihamba si ukumbi wa hadhara. Kabla ya kufungua mfuko wa kamera mweleze mwenyeji utarekodi nini, picha zitaonyeshwa wapi na kwa nani, na kwamba anaweza kukataa sasa au baadaye. Kwa watoto, mzazi au mlezi aulizwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu picha zinazomtambulisha mtu, na mwalimu hana sababu ya kudhani kwamba kazi ya shule inamweka nje yake. Lakini hata pasipokuwa na sheria, adabu ingetosha. Ukimaliza, geuza kioo na umwonyeshe mwenyeji yote uliyochukua. Bibi yule aliomba tukifute kipande ambamo mjukuu wake mdogo alipita bila nguo, nasi tukakifuta mbele yake. Tangu hapo alitukaribisha kwa moyo mweupe zaidi.

Picha zilizopotea

Hatuna budi kueleza pia kosa letu. Mwaka mmoja tuliwatuma wanachuo wawili kwa mzee aliyekuwa akisimamia mfongo, yaani mfereji unaoleta maji kutoka mtoni hadi kwenye vihamba. Mzee aliwachukua kutwa nzima. Aliwaonyesha mahali maji yanapogawanywa, akawaeleza zamu za kila ukoo, mwenye zamu ya alfajiri na mwenye zamu ya jioni, na jinsi ugomvi wa maji ulivyosuluhishwa zamani. Walirudi na saa moja na nusu za picha, nasi tukafurahi, tukaiweka kamera kabatini.

Jumamosi iliyofuata kundi jingine liliichukua kamera kwenda kurekodi mahafali. Kamera ikawaambia nafasi imejaa. Mwanachuo mmoja, kwa nia njema, alikwenda kwenye orodha ya kamera akachagua kusafisha diski yote badala ya kufuta kipande kimoja kimoja. Kazi hiyo haikuchukua muda. Tulipogundua Jumatatu, tuliwarudisha wale wawili Uru kumwomba mzee radhi na kumwomba siku nyingine. Walikuta amepelekwa mjini kwa matibabu. Hakurudi tena kuusimamia mfongo, na miezi michache baadaye tulikwenda kumzika.

Mwanachuo aliyesafisha diski alilia, lakini kosa halikuwa lake. Sisi wakufunzi tuliweka kamera moja mikononi mwa makundi matano bila daftari la kuitolea na bila kuagiza mtu yeyote anakili picha. Kilichobaki ni ukurasa mmoja wa daftari la mwanachuo mwingine, aliyekuwa akiandika zamu za maji kwa penseli wakati mwenzake anarekodi. Ukurasa huo tunao hadi leo, na somo la mgawanyo wa maji tunalifundisha kwa huo.

Tangu wakati ule kamera haitoki kabatini bila jina, tarehe na saa. Anayeirudisha huirudisha pamoja na nakala: siku ile ile picha huhamishiwa kwenye kompyuta ya chuo kwa waya wake, na tena kwenye diski nyingine inayowekwa katika chumba tofauti. Ni lazima vipande vifunguliwe kwenye kompyuta na kutazamwa ndipo vifutwe katika kamera, kwani tumewahi kunakili majalada matupu. Kila jalada hupewa jina la mahali, kazi na tarehe, maana kamera yenyewe hutoa namba tu, na namba haimwambii mwalimu wa mwaka kesho kitu chochote. Na wakati wote wa kurekodi, mmoja wa kundi hushika daftari na penseli.

Darasani

Picha zisitangulie. Katika somo letu la Machi tuliwapa watoto kwanza punje zilizolowekwa katika maji ya uji mwembamba, ili zitelezeteleze, na punje nyingine zilizooshwa, wakazisugua wamefumba macho. Kisha makundi ya watoto wanne yakaja kwenye kamera kwa zamu, kila kundi likiwa na swali moja kwenye karatasi: ni asubuhi ipi bibi alisema kahawa iko tayari, na umejuaje? Wengine wakati huo waliandika hatua za kazi kwa mpangilio. Kundi moja lilijibu kuwa ni asubuhi ya pili, likashikilia jibu lake, na tulipowarudishia kipande tukagundua kuwa bibi kweli alisita asubuhi hiyo, akazisugua mara mbili. Sisi tuliokuwapo hatukuwa tumeliona hilo.

Betri ijazwe usiku uliotangulia. Kwa kucheza picha hudumu kuliko kwa kurekodi, lakini ikiwa ni ya zamani usiiamini kwa zaidi ya kipindi kimoja. Shule ikiwa na televisheni, waya wenye vichwa vya njano, cheupe na chekundu hutosha kuiunganisha. Ujaribu kabla watoto hawajaingia.

Zoezi

Wanachuo watakaofanya mazoezi ya kufundisha muhula ujao watafute kazi moja ya nyumbani katika kijiji cha shule yao ambayo haitakuwapo wakati wa kuifundisha: kukamua alizeti, kusuka mkeka, kuondoa tope katika mfongo kabla ya mvua. Kila mmoja aandike shabaha ya somo, swali moja ambalo picha zitalijibu, na orodha ya sura zisizozidi nane, zenye jumla ya dakika mbili. Orodha ziletwe kwa mkufunzi wa zana kabla ya kuchukua kamera. Pale Uru Mashariki nakala ya picha tulimpelekea bibi mwezi wa Aprili. Mwanawe aliicheza kwenye televisheni, na jirani waliokuja kutazama walibishana hadi giza lilipoingia kama ile asubuhi ya tatu haikuwa imechelewa.